Kituo cha Nne, Langoni kwa Kukhu

Kwaresima iliyopita kanisa letu hapa Bungoma lilituita waumini tukae tuzungumze juu ya maisha yetu ya baadaye. Aliletwa kijana mmoja nadhifu, mwenye kompyuta na karatasi kubwa nyeupe alizozibandika ukutani, na juu ya ile ya kwanza akaandika kwa wino mwekundu: SISI NI NANI? Tukagawanywa makundi. Kundi langu lilikuwa na akina mama wawili wanaouza nafaka, karani mmoja mstaafu, na mimi. Karani akapendekeza tuandike "jumuiya yenye upendo." Nikamwambia hayo hata chama cha kuzikana kinaweza kuyaandika. Akaninunia, na haki yake, maana mimi mwenyewe sikuwa na neno bora la kumpa.

Ndipo harufu ikanijia. Huko nje mtu alikuwa akinyunyiza maji uani kabla ya kufagia, na vumbi lililochomwa na jua tangu asubuhi likatoa pumzi yake. Kwa watu wengi hiyo ni harufu ya mvua. Kwangu mimi ni harufu ya Ijumaa, ya Matisi, na ya kumngoja mtu. Nilitoka nikijisingizia kwamba simu inalia, nikasimama nyuma ya choo cha kanisa nikiwa mama mzima mwenye watoto wa sekondari, nikalia kama niliyepigwa.

Nililelewa Matisi, pembeni mwa mji wa Kitale, na bibi yangu mzaa mama. Nilimwita Kukhu, naye akaniita Kukhu, kwa sababu kwetu Wabukusu bibi na mjukuu huitana jina moja, na mgeni asiyetuzoea angeweza kushinda kwetu asijue ni nani anayemtuma mwenzake. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye maneno machache na kofi jepesi, na alipenda usafi kupita kiasi. Nyumba yetu ilikuwa na vyumba viwili vya udongo, ua wa miti ya kaiyaba yenye miiba, na lango la mbao lililokwaruza chini kila lilipofunguliwa, hivi kwamba hakuna aliyewahi kuingia kwetu kwa siri.

Mama yangu alikuwa amepanda lori. Hivyo ndivyo nilivyojua habari zake. Wakati huo malori ya chakula cha msaada yalipita Kitale kwenda kaskazini, Lodwar na mbele yake hadi Lokichogio karibu na mpaka, na mama alikuwa amepata kazi ya kuwapikia watu wa huko. Nakumbuka gurudumu lililonizidi kimo, na mkono wake ukitoka dirishani na bangili nyekundu. Uso wake sikuushika vizuri, na hilo lilinisumbua hata wakati ule. Mwanzoni madereva walituteremshia vitu kutoka kwake: blanketi la kijivu, sukari, kopo la maziwa ya unga. Baadaye wakawa wanapita bila kusimama. Nilipomuuliza Kukhu mama atarudi lini, alinijibu akiwa ameangalia pengine, "Barabara ya Lodwar ni refu, Kukhu." Hata nilipouliza namna nyingine, jibu lilikuwa lile lile.

Kanisa letu lilikuwa kigango tu, tawi dogo la parokia ya mjini. Ukumbi wa mabati, mabenchi yaliyotupasua nguo, na kuku wa jirani waliokuja ibadani kwa uaminifu kuliko baadhi yetu. Waliosali pale walikuwa mchanganyiko wa Kitale: Wabukusu, Wanandi, Wateso, Waturkana, Wakikuyu, watu ambao wazazi wao walikuja kwa kazi ya mashamba ya mahindi wakasahau kurudi. Padre alifika Jumapili moja moja. Siku nyingine aliyetuongoza ni katekista, Mzee Simiyu, mtu wa Bungoma ambaye ulimi wake uligeuza "l" kuwa "r" bila kuomba ruhusa, nasi watoto tulimwigiza nyuma ya ukumbi mpaka tukashikwa na kwikwi.

Jambo lililotutofautisha na wengine lilikuwa Njia ya Msalaba. Kanisa la mjini lilikuwa na picha kumi na nne ukutani, na watu waliifuata njia hiyo wakiwa ndani kivulini, wakigeuza shingo tu. Sisi hatukuwa na picha, na ukumbi usingetutosha kuzunguka. Basi wale waliotutangulia waliamua vituo vyetu viwe barabarani, kila kimoja langoni kwa muumini mmoja. Kila Ijumaa ya Kwaresima tulitoka na msalaba tukapita mtaani lango kwa lango. Mwenye lango alinyunyiza maji, akafagia, akatoa meza yenye kitambaa cha kufuma na maua kwenye kopo la majani ya chai. Kituo kilikuwa mali ya nyumba kama shamba lilivyo mali. Mabinti walioolewa mbali waliulizwa huko walikoolewa, kwenu ni kituo gani? Na nilisikia akina mama wakitupiana maneno kwenye bomba la maji: "Wewe nyamaza, kwenu anaanguka tu, kwetu ndiko alipopanguswa uso."

Mtu mzima akisikia hayo anaelewa. Mimi nilielewa kivyangu. Nilidhani mambo yale yote yalitokea Matisi. Na kwa nini nisidhani? Jiwe la kituo cha tatu, cha kuanguka mara ya kwanza, nilikuwa nimeliona kwa macho yangu mbele ya lango la kina Wanjiru. Jiwe hilo hilo lilimwangusha Kukhu na ndoo yake. Kituo cha kumi, Yesu anapovuliwa nguo, kilikuwa kwa fundi wa kushona, na nikipelekwa kwake kupimwa sare ya shule nilishikilia vifungo vyangu kwa mikono miwili. Mzee wa Kiturkana mwenye kituo cha mwisho, cha kuzikwa, alikuwa na shimo refu la taka nyuma ya nyumba. Kila nilipotumwa kwake nililichungulia kwanza, kwa heshima.

Kituo chetu kilikuwa cha nne. Mzee Simiyu alisimama mbele ya lango letu, akakohoa, akatangaza kwamba hapa Yesu anakutana na Mama yake. Watu wakapiga magoti vumbini, na vumbi lilikuwa bado bichi kwa maji ya Kukhu. Nami nikaelewa: kila lango lilikuwa na kazi yake. Malango ya wengine yalikuwa ya kuangukia. Letu ndilo lango ambapo mtoto hukutana na mama yake. Kwa hiyo mama akirudi kutoka Lokichogio, atarudi Ijumaa, na atatokea papo hapo. Sikumwambia mtu, kwa kuwa jambo lililo wazi hivyo halihitaji kutangazwa.

Ijumaa nilioga bila kusukumwa. Nilijipaka mafuta mpaka magoti yakang'aa, nikavaa gauni la njano lililokuwa limenibana kwapani, nikasimama langoni. Wengine wote waliutazama msalaba. Mimi niliutazama upande wa pili, kwenye kona inayotoka barabara kuu. Akina mama waliniona jinsi nilivyotulia wakamwambia Kukhu, "Huyu atakuwa mtawa." Kukhu alinitazama kwa shaka, maana alinijua.

Ndipo ukaja mwaka wa swali. Jumatano ya Majivu Padre alifika mwenyewe, na akiwa bado na majivu kwenye vidole alitwambia kwamba parokia imefikiri sana juu yetu. Watu wetu wanapungua, ukumbi unazeeka, na kanisa la mjini lina nafasi. Hakutulazimisha. Alisema tutumie Kwaresima hiyo kujiuliza sisi ni akina nani na tunataka kuwa nini, kisha Pasaka tumjibu: tubaki kigango, au tujiunge na wenzetu mjini. "Na mkitaka kubaki," alisema, "mniambie sababu. Lakini msiniambie ni mazoea."

Basi kila Ijumaa, baada ya kituo cha mwisho, watu walirudi ukumbini wakajadiliana, na sisi watoto tukasinzia kwenye mapaja. Mwenyekiti wa kigango alikuwa Mwalimu Chebet, mwanamke mrefu wa viatu vya visigino, aliyenifundisha kusoma na ambaye niliamini hajawahi kukosea kitu. Yeye alitaka twende mjini.

"Tuambiane ukweli tu," alisema. "Vijana wote wanaenda town. Huko kuna kinanda, kuna kwaya. Hapa tumebaki sisi na kuku ya jirani."

"Rakini Mwarimu," Mzee Simiyu akasema, "kanisa si kinanda."

"Sawa. Basi ni nini? Si ndio Padre anauliza?"

Mzee Simiyu akavua kofia, akaivaa tena. "Ni sisi hapa."

"Sisi akina nani, mzee? Hata kituo ya tisa tumeombea kwa Waislamu. Hiyo si dalili tumeisha?"

Hilo lilikuwa kweli. Wenye lango la tisa walikuwa wameuza ploti wakahamia Kachibora kulima, na aliyenunua alikuwa Mwislamu mwenye duka la vitambaa. Mzee Simiyu alikwenda kwa aibu kumuuliza mke wa mnunuzi huyo, Mama Halima, kama tuliruke lango lake. Mama Halima alimsikiliza habari yote ya kuanguka mara ya tatu, kisha akamwambia, "Mzee, mwache aanguke tu hapo kama kawaida yake. Mimi nitafagia." Tangu siku hiyo lango la tisa likawa safi kushinda yote, jambo ambalo Kukhu alilipokea kwa uchungu, na akaanza kufagia letu mara mbili.

"Mimi sioni dariri tumeisha," Mzee Simiyu alimjibu Mwalimu. "Naona dariri tumeongezeka."

Watu wakacheka, lakini kicheko si jibu, na kila mtu alijua. Ijumaa iliyofuata swali lilikuwa palepale. Mmoja alisema sisi ndio tuliotangulia kusali mtaa huu. Mwingine akasema baba yake ndiye aliyepigilia mabati yale. Mwalimu Chebet alisikiliza kila mmoja kwa upole, halafu akauliza, "Na hiyo si mazoea?" Nao wakakaa chini. Sasa naona kwamba naye ilimuuma. Alikuwa akitafuta mtu wa kumshinda, na hakumpata.

Kukhu alisema mara moja tu, akiwa ameketi, mikono ndani ya leso. "Mimi kanisa hii ikifungwa, sina kitu inanishika hapa. Mjini sijui mtu. Nitarudi Ndalu kwa ndugu yangu, nilime."

Usingizi ulinitoka palepale. Ndalu nilipajua, ng'ambo kule upande wa Bungoma, na nilipapenda: mahindi marefu, miwa, binamu wengi wakorofi. Lakini Ndalu hakuna lango la kituo cha nne. Mama angeshuka kwenye lori, angepita kona, angekuta kufuli na nyasi. Tulipofika nyumbani nilimuuliza Kukhu, "Tukienda Ndalu, mama atajuaje?"

"Ataulizia."

"Atamuulizia nani?"

Alikuwa akichambua maharagwe. Alitoa jiwe, akatoa lingine, akayatazama maharagwe kana kwamba ni mageni kwake. "Kukhu," alisema, "lete sufuria."

Tangu siku hiyo niliishi kama mtu aliyepewa notisi. Kila Ijumaa iliyopita bila mama ilikuwa Ijumaa iliyopotea, na nilijua Pasaka inakuja na jibu lake. Nilimwomba Mungu kwa vitisho. Nilimwambia kama hawezi kumleta basi aharibu kinanda cha mjini.

Ijumaa Kuu ilipofika, mvua ya kupandia ilikuwa imechelewa, mashamba yamelimwa na kuachwa wazi, na jua lilikuwa kali ajabu. Watu walikuja wengi, hata wale vijana wa mjini, kwa kuwa habari ilikuwa imeenea kwamba huenda hii ndiyo mara ya mwisho msalaba kupita mtaani. Kukhu aliamka akamwagia lango letu maji mengi hadi pakawa na matope kidogo. Alitandika kitambaa alichokuwa akikificha kwa ajili ya mazishi yake. Nilimwona akikilainisha kwa kiganja, mara nyingi, na midomo yake ilikuwa imekazana.

Msalaba wetu ulikuwa wa mti wa msanduku, mzito, na aliyeubeba ni seremala. Aliuegemeza begani akasimama mbele yetu. Mzee Simiyu akakohoa, akatangaza, watu wakapiga magoti. Nami nikatazama kona. Alipita mbwa. Alipita mtu na baiskeli, akavua kofia kwa heshima. Sala ikaisha, watu wakainuka wakijipangusa magoti, na seremala akavuta pumzi kuunyanyua.

Nikaushika msalaba. Niliukumbatia ule mti kwa mikono na miguu, na gauni langu la njano likachanika kwapani.

"Bado," nilisema. "Hajafika."

"Nani hajafika, mtoto?" Mzee Simiyu aliinama. "Nani?"

"Mama."

"Mama gani?"

"Mama yangu. Si mnasema ni hapa? Si kila siku mnasema hapa ndio mtoto anakutana na mama yake? Nyinyi mnaenda haraka. Kila mara mnaenda kabla afike."

Nilimsikia mtu nyuma akisema "Yesu wangu," na haikuwa sala. Kukhu alijifunika uso kwa leso. Sikuwahi kumwona akilia, wala siku hiyo sikumwona, ila mabega yake yalikuwa yanakwenda juu na chini. Seremala alibaki ameinama nusu, mzigo begani na mtoto juu ya mzigo, asijue afanye nini. Watu wakamtazama Mzee Simiyu, Mzee Simiyu akamtazama Mwalimu Chebet.

Mwalimu Chebet alikuwa mtu wa saa. Ijumaa zote hizo alikuwa ametuharakisha. Nilijua ataniondoa, na nikakaza mikono. Alinijia, akanitazama kwa muda, kisha akavua viatu vyake vya visigino akaviweka kando ya meza ya Kukhu. Akakunja kitenge chake, akakaa chini barabarani, kwenye matope.

"Basi tungoje," alisema.

"Na vituo vingine?" Mzee Simiyu akauliza.

"Mama ya mtu akingojewa, mzee, si unangoja?"

Wakaketi. Mmoja mmoja kwanza, halafu wote kwa pamoja, wazee kwa wake zao, vijana wa mjini na suruali zao nzuri, barabara nzima kutoka lango letu hadi kwa fundi wa baiskeli. Seremala aliulaza msalaba chini taratibu, nami nikakaa juu yake ili usiondoke. Mtu wa mkokoteni wa maji alikuja akakuta njia imefungwa. "Kuna matanga?" aliuliza. Akaambiwa hapana, kuna mtu anangojewa. Akategemeza mkokoteni kwa jiwe akangoja kidogo naye.

Baadaye Mama Halima alikuja kutoka lango la tisa, ufagio mkononi. Mwaka huo Ramadhani ilikuwa imekutana na Kwaresima. "Nimesimama mpaka nikadhani leo mmeniruka," alisema. "Kuna nini?" Mwanamke mmoja akamnong'oneza. Aliniangalia. "Haya," alisema, "ningewaletea chai, lakini leo sote tumefunga. Sina la kuwapa." Akaketi kando ya Kukhu, bega kwa bega, na Kukhu, ambaye alikuwa hajamsamehe ile habari ya kufagia, akamsogezea upande wa leso yake akalie.

Hakuna aliyehubiri. Kuna aliyeanzisha wimbo kwa sauti ya chini, ukafika katikati ukaachwa. Kutoka barabara kuu malori yalisikika yakipunguza mwendo kwenye mteremko, na kila liliponguruma nilinyanyua shingo. Na hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote, ndilo lililonitoa machozi nyuma ya choo hapa Bungoma: si mimi peke yangu niliyenyanyua shingo. Lori lilinguruma, na vichwa vyote viligeuka. Mwalimu Chebet aligeuka. Yule seremala aligeuka. Watu wazima wenye akili zao, waliojua barabara ya Lodwar ilivyo na waliokwisha kukata tamaa juu ya mama yangu zamani, waliitazama ile kona wakitaka atokee. Sijawahi tena kuona watu wakitaka kitu changu namna ile. Nimependwa tangu hapo, nashukuru, lakini sijangojewa hivyo.

Hakuja. Kivuli cha ua wa kaiyaba kilitambaa hadi kikavuka barabara, na watoto wadogo wakaanza kulia kwa kiu. Ndipo Kukhu alipoinuka akaja akaniinamia. Macho yake yalikuwa mekundu lakini sauti ilikuwa ile ile. "Kukhu," aliniambia, "hajafika bado. Twende tumpeleke huyu kwanza. Naye ana mama."

Nikashuka. Seremala akaubeba msalaba, na njia yote iliyobaki, mpaka kwenye shimo la mzee wa Kiturkana, nilitembea nimeshikwa mkono na Mwalimu Chebet, ambaye alisahau kuvaa viatu.

Mkutano wa siku hiyo haukufanyika. Watu walikwenda nyumbani. Jumapili ya Pasaka Padre alikuja, akatuombea, na baada ya misa akawaita viongozi pale mlangoni awasikilize. Nilikuwa nyuma ya gauni la Kukhu.

"Haya, mmejibu swali?" aliuliza.

Mwalimu Chebet akamwachia Mzee Simiyu, na Mzee Simiyu akageuza kofia mikononi. "Padre, kwanza tuombe radhi. Ijumaa turichererewa sana. Turikuwa tunamngojea mama ya mtoto mmoja."

"Akafika?"

"Hapana."

"Sasa jibu lenu ni nini? Mnabaki au mnakuja?"

"Ndio hiyo, Padre," Mzee Simiyu akasema. "Tungependa kuja. Rakini hatuwezi kuhama kabra hajafika."

Padre alitaka kucheka. Akamtazama Mwalimu Chebet, mwanamke aliyemtegemea kwa akili timamu, na Mwalimu alikuwa amesimama wima bila hata dalili ya tabasamu. "Ndio hivyo, Padre," alisema. Padre akafunga mdomo. Alikubali, sijui kama alielewa, na kigango kikabaki.

Sikumwona mama yangu tena. Dereva mmoja alisema alivuka mpaka na wapishi wenzake, mwingine akasema aliugua. Nilipokuwa mtu mzima nilikwenda mwenyewe hadi Lokichogio, nikaulizia, nikaonyeshwa jiko ambalo huenda ndilo na huenda silo. Kukhu alifariki nikiwa sekondari, tukampeleka Ndalu, na kitambaa kile kikamfunika kama alivyotaka. Pale kaburini niliacha kungoja. Niliolewa huku Bungoma, nikawa na shughuli, na Matisi ikawa mahali ninapopita nikitazama mbele.

Lakini baada ya siku ile ya karatasi nyeupe sikutulia, na Ijumaa Kuu nilisafiri hadi Kitale bila kumwambia mtu. Mtaa umebadilika. Kuna nyumba za ghorofa, kuna kuta badala ya ua. Mzee Simiyu amefariki, Mwalimu Chebet amefariki, na nilipojiunga nyuma ya msafara wa msalaba hapakuwa na uso ninaoujua wala unaonijua. Lango la Kukhu sasa ni la chuma, la watu wengine, na limepakwa rangi ya buluu. Katekista kijana akatangaza kituo cha nne. Watu wakapiga magoti, wakasali, sala ikaisha. Nikainuka nikijipangusa, tayari kuendelea. Hakuna mwingine aliyeinuka. Aliyebeba msalaba aliulaza chini, na watu wote wakaketi barabarani kama wanaojua wanachokifanya.

Msichana mmoja mwenye mtoto mgongoni alinivuta sketi. "Auntie, keti. Hapa huwa tunakaa kidogo."

"Kwa nini?"

"Ni kawaida ya hapa. Kuna mama anangojewa."

"Mama gani?"

Akapandisha mabega. "Hata sijui. Mimi nimeolewa tu hapa juzi. Wanasema bado hajafika."

Nilitaka kumwambia. Maneno yalikuja mpaka mdomoni, na nilipomtazama nikaona yeye ameshageuza kichwa, anaitazama kona, na mkono wake ukimpigapiga mtoto mgongoni ili anyamaze. Nikatandika leso yangu vumbini, nikakaa kando yake, tukamngoja mama yangu.